Kadi za mchezo, kadi za wachezaji, na sarafu niliyoiuza Kisiwani



Ijumaa moja baada ya swala, hapa Kilwa Masoko, kijana niliyemsomesha madrasa tangu Juzuu Amma alinifuata barazani. Baada ya shikamoo na kuulizana hali, akatoa bahasha mfukoni na kunimwagia juu ya mkeka kadi kama thelathini hivi. Nusu zilikuwa na picha za vile vinyama vya Kijapani viitwavyo Pokémon, na nusu zilikuwa na picha za wachezaji mpira wa Ulaya. Binamu yake anafanya kazi Muscat, na alipokuja likizo alimletea zawadi hiyo. Pamoja na zawadi alimletea na maneno: kwamba huko duniani watu wananunua kadi hizi, wanazifungia kabatini, na baada ya miaka wanaziuza kwa bei ya nyumba.

Kijana huyu ana shilingi laki sita. Kazipata kwa bodaboda katika miaka miwili, na zilikuwa ni za ada ya chuo cha ufundi. Sasa anataka kuzituma Muscat ili anunuliwe pakiti za kadi. Akaniuliza: "Ustadhi, kati ya hizi za mchezo na hizi za wachezaji, zipi zina faida zaidi? Na je, ni halali?"

Mnaona mpangilio wa maswali. Faida kwanza, halali baadaye. Nilitaka kumkaripia, lakini ulimi ukawa mzito kwa sababu ninayoijua mwenyewe na ambayo nitaieleza huko mbele. Nikamwambia anipe muda. Nimesoma, nimeuliza, na haya ndiyo niliyoyapata.

Kadi za wachezaji ndizo kongwe. Zilianza Marekani katika karne ya 19, zikitiwa ndani ya pakiti za sigara ili kuikaza pakiti isipondeke na kumvuta mnunuzi arudi tena. Mchezo wao mkubwa ni besiboli, ule wa kupiga mpira kwa gongo. Alikuwapo mchezaji aitwaye Honus Wagner, ambaye kadi yake ilitolewa kati ya mwaka 1909 na 1911, ikachapwa kidogo sana kisha ikasimamishwa. Wapo wanaosema alikataa picha yake isitumike kuwauzia watoto sigara, wapo wanaosema alitaka alipwe. Allah ndiye Mjuzi zaidi. Kama hilo la kwanza ni kweli, basi ni ajabu ya dunia: mtu alikataa jina lake lisifanyiwe biashara, na kukataa kwake ndiko kulikoifanya kadi iwe adimu, na mwaka 2022 moja ikauzwa kwa dola milioni 7.25.

Baadaye kadi zikahama kutoka kwenye sigara zikaingia kwenye bigijii. Kampuni ya Topps ilitoa kadi za mwaka 1952, na miongoni mwake imo ya mchezaji Mickey Mantle. Moja ya kadi hizo iliuzwa Agosti 2022 kwa dola milioni 12.6. Lakini sikilizeni upande wa pili wa habari hii. Mfanyakazi wa kampuni hiyo aliyezibuni, Sy Berger, alisimulia mwenyewe kwamba makasha ya kadi za 1952 zilizokosa wanunuzi yalikaa stoo miaka mingi, hata ilipofika 1960 akayapakia kwenye tishali la taka na kuyamwaga baharini. Mali ya mamilioni, chakula cha samaki! Na kama asingeyamwaga, hizo zilizobaki zisingekuwa na bei hiyo.

Kadi za mchezo ni za juzi tu. Mwaka 1993 mtaalamu wa hisabati wa Marekani, Richard Garfield, alitoa mchezo uitwao Magic: The Gathering. Wajapani wakafuata na kadi za Pokémon mwaka 1996. Hizi si picha tu. Kila kadi ina nguvu yake na sharti lake, watu wawili wanakaa wakikabiliana kama kwenye bao, na mwenye akili humshinda mwenye kadi nzuri.

Kwa hiyo mtu akitazama haraka atasema: kadi ya mchezo ni bora, kwa sababu ina kazi. Bei ikianguka leo, watoto wawili watakaa mkekani wacheze. Kadi ya mchezaji bei yake ikianguka haina kazi hata ya kufungia karanga. Tena thamani yake imening'inizwa kwenye shingo ya binadamu. Kijana wa miaka kumi na tisa anafunga mabao, kadi inapanda. Anavunjika goti, kadi inashuka. Na mwenye kadi anajikuta anaomba dua kwa ajili ya goti la mtu asiyemjua, wala si kwa kumhurumia.

Hivyo ndivyo nilivyofikiri mwanzoni, na nilikaribia kumwambia yule kijana: chukua za mchezo. Kisha nikatazama kadi ya mchezo iliyo ghali kuliko zote katika ule wa Magic, iitwayo Black Lotus. Mwaka 2024 moja iliuzwa kwa dola milioni tatu. Sasa kadi hii imepigwa marufuku katika mashindano karibu yote ya mchezo wenyewe, kwa kuwa nguvu yake imezidi. Na hata pale inaporuhusiwa, nani atachanganya dola milioni tatu na karata nyingine mezani? Imefungwa ndani ya plastiki ngumu, haitoki. Maana yake ni kwamba kadi ya mchezo ikishakuwa ghali kweli kweli, kazi yake imekufa. Imekuwa picha, sawa na ya mchezaji.

Na uadimu wake unatoka wapi? Mwaka 1996 kampuni ya mchezo huo ilitoa orodha ya kadi ambazo iliahidi haitazichapa tena, baada ya wenye nazo kulalamika kwamba kuchapwa upya kunawashushia bei. Basi thamani ile imesimama juu ya ahadi ya mwenye mtambo wa kuchapia. Kwa upande wa besiboli hapakuwa hata na ahadi. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Wamarekani waliposikia kuwa kadi za zamani zina bei, wakaanza kuweka maboksi kwa maboksi kwa ajili ya kuwasomeshea watoto. Viwanda navyo vikachapa bila kipimo. Watoto wamekua, maboksi yapo, na nyingi ya kadi hizo hazina thamani. Zile za 1952 zilipanda kwa sababu watu hawakuzijali. Walizichana, mama zao wakazifagia, nyingine zikamwagwa baharini. Za 1989 kila mtu alizitunza, basi zimekosa nini cha kuzifanya adimu?

Hilo ndilo jibu la faida, na si jibu tamu. Waliopata utajiri kwa kadi wengi ni wale waliokuwa hawautafuti.

Tuje kwenye halali. Asili ya biashara ni kuruhusiwa, mpaka pawepo kinachoizuia. Kitu kijulikane, bei ijulikane, muuzaji awe ni mwenye mali au aliyeruhusiwa na mwenye mali, na kitu kiwe na manufaa yanayokubalika. Suala la picha za viumbe lina maneno marefu baina ya wanazuoni, sitaliingia leo. Itakumbukwa kuwa mwaka 2001 wanazuoni wa Saudi Arabia walitoa fatwa ya kuharamisha Pokémon, na walitaja sababu kadhaa. Nyingine, kama zile za alama zilizofichwa kwenye michoro, sikinaiki nazo sana. Ile ya kamari ndiyo iliyonikamata.

Maana kadi hizi, za mchezo na za wachezaji pia, haziuzwi moja moja zitokapo kiwandani. Zinauzwa ndani ya pakiti iliyofungwa. Unatoa pesa, hujui ndani mna nini. Pengine mna kadi kumi za bure, pengine mna moja ya kununulia kiwanja. Kijana wangu alikuwa na hoja tayari. Akasema: "Ustadhi, mbona dafu tunanunua hatujui ndani lina maji kiasi gani?"

Hoja nzuri, na si mpya. Wanafiqhi wetu wa Kishafii wameruhusu kununua kilicho ndani ya gamba lake la asili, kama nazi na yai, kwa sababu gamba lile ndilo linalokihifadhi, na ukilivua kabla kitaharibika. Ujinga uliopo ni mdogo na hauepukiki. Lakini pakiti ya kadi haikufunikwa na Mwenyezi Mungu. Imefunikwa na mwenye kiwanda, na kuifunika huko ndiko anakokuuza. Akiifanya ya plastiki angavu, leo hii biashara itakufa. Wazee wangu, huko si kununua kadi. Ni kununua giza.

Mtume wetu Muhammad (s.a.w) alikataza mauzo ya gharar, na miongoni mwa aliyoyataja ni mauzo ya kokoto, ambapo mtu anarusha kijiwe na kitu kitakachoangukiwa ndicho kinakuwa chake kwa bei ile ile waliyokubaliana. Mtu akisoma hadithi hiyo chuoni anaweza kudhani ni mambo ya Waarabu wa zamani tu. Hapana. Kokoto imebadilishwa jina, sasa ni pakiti.

Akanirudia: "Basi na mvuvi je? Anatia mafuta kwenye boti, ananunua barafu, anakwenda Songo Mnara usiku kucha, hajui atarudi na nini."

Hapo nilinyamaza kidogo, kwa sababu baba yake ni mvuvi na nilitaka nimjibu kwa heshima. Mvuvi akinunua mafuta anapata mafuta, lita zinahesabika. Akinunua barafu anapata barafu. Kile anachokikosa au kukipata baharini hakuuziwa na mtu, wala hakuna binadamu aliyekificha ili amuuzie matumaini. Lakini yule mvuvi akisimama hapa gatini akasema, "Nipe elfu hamsini sasa hivi, nitatupa jarife mara moja, kitakachonasa ni chako, pawe na papa au pawe na majani," hilo wanafiqhi wamelitaja kwa jina lake na kulikataza: kuuza mzamo wa mzamiaji. Bahari ni ile ile, jarife ni lile lile.

Na sisi watu wa Lindi hatuhitaji kwenda Muscat kuijua gharar. Tunaijua kangomba. Mkulima ana shida, anauza korosho ambazo bado ni maua, kwa kipimo cha bakuli na kwa bei ya kutupa, na mwezi wa kumi analia. Mtume (s.a.w) alikataza kuuza tunda kabla halijaonyesha kukomaa. Na mlango wa halali upo, wa salam, wenye kipimo kinachojulikana, bei inayolipwa pale pale na tarehe ya kukabidhiana. Hautumiki kwa sababu mwenye pesa hapati kumnyonya mwenziwe vya kutosha.

Nimpe msomaji kisa kimoja cha kweli kuhusu giza lenyewe. Logan Paul, Mmarekani mashuhuri wa video za mtandaoni, alinunua kasha la pakiti za kwanza za Pokémon kwa dola milioni 3.5. Kasha lilikuwa limefungwa na kuthibitishwa na wataalamu. Januari 2022 likafunguliwa mbele ya kamera huko Chicago. Ndani mlikuwa na kadi za G.I. Joe, wanasesere wa kijeshi, za bei ya soda. Alirudishiwa pesa yake, kwa kuwa ni mtu mkubwa. Sasa fikirini: muda wote kasha lile lilipokuwa limefungwa lilikuwa na thamani ya dola milioni 3.5, na lililolipunguzia thamani ni kujulikana ukweli wake. Bidhaa ya namna gani hii, inayouawa na ujuzi?

Hata hivyo sisemi kadi zote ni haramu. Ukinunua kadi moja uliyoiona, kwa bei uliyoijua, kutoka kwa mwenye nayo, nionavyo mimi ni biashara, iwe ya mchezo au ya mchezaji. Inaweza kuwa biashara ya kipumbavu, lakini upumbavu si haramu siku zote. Na ukiinunua kwa nia ya kuiuza, usisahau kwamba imekuwa mali ya biashara: ikifika nisabu na kupitiwa na mwaka, utaitolea zaka kwa bei ya soko ya siku ile, hata kama umeifungia kabatini na hujauza kitu. Wengi wanaoota bei ya juu hawataki kusikia habari hii. Zile za kijana wangu, kwa madhehebu yetu, hazina zaka. Alipewa zawadi, hakuzinunua kwa nia ya biashara.

Sasa nieleze ile sababu ya ulimi wangu kuwa mzito.

Mwaka 2002 nilikuwa na miaka kumi na miwili, nikiishi kwa bibi yangu Kilwa Kisiwani. Baada ya mvua za masika, maji hula ufukwe karibu na magofu, na vitu vya kale vinajitokeza: vigae vya China, shanga, na vijisarafu vya shaba vidogo kama ukucha, vya kijani kwa kutu. Nilikiokota kimoja. Akapita mgeni aliyekuja kutazama msikiti mkuu, akakiona mkononi mwangu, akanipa shilingi elfu mbili. Sikungoja. Nilidandia dau la kwanza kuvuka kuja Masoko, nikazimaliza zote dukani kwa pakiti za bigijii zilizokuwa na picha za wachezaji wa Kombe la Dunia. Nilikuwa namtafuta Ronaldo, yule wa Brazil. Nilifungua pakiti moja baada ya nyingine nimekaa kwenye ngazi za duka, moyo unadunda, na kila ilipokuwa siye nilisema, inayofuata. Sikumpata. Nilirudi Kisiwani na mabeki watatu wanaofanana na maumivu ya taya.

Miaka saba baadaye, nikiwa chuo kikuu, nilifungua kitabu maktabani nikaiona picha ya sarafu yangu. Si ile hasa, bali dada yake. Masultani wa Kilwa walipiga sarafu zao wenyewe. Upande mmoja jina la sultani, upande wa pili maneno ya kumtegemea Mola wake, na pande mbili zinaitikiana kwa vina kama ubeti. Nyingine zina jina la al-Hasan bin Sulaiman, ndiye yule sultani ambaye Ibn Battuta alifika kwake mwaka 1331 na kumsifu kwa ukarimu. Nilikaa pale maktabani sijafunua ukurasa mwingine. Jina la Muislamu aliyeandika tawakkul yake juu ya shaba, nimelibadilisha kwa bigijii.

Mtu anaweza kusema sarafu ni kitega uchumi bora kuliko kadi zote mbili, na kwa hesabu tupu ana haki. Mtambo uliozipiga ulinyamaza karne nyingi zilizopita, na Wareno waliuvamia mji mwaka 1505. Hakuna kampuni itakayozichapa upya wala anayehitaji kuahidi kitu. Lakini sharti moja la biashara halikutimia: haikuwa yangu. Sheria ya mambo ya kale ya mwaka 1964 imevihifadhi vitu vya namna hiyo vilivyotengenezwa kabla ya 1863, na hata isingekuwapo sheria ya serikali, Mtume (s.a.w) alimkataza mtu kuuza asichokuwa nacho. Siku ile moja niliuza kisicho changu, na kwa bei yake nikanunua nisichokijua. Ubovu wa mauzo ya kwanza ulikuwa kwangu, wa mauzo ya pili ulikuwa kwa muuza bigijii, ingawa naye masikini aliletewa tu.

Mwaka 1944 askari mmoja wa Australia, Morry Isenberg, aliokota sarafu kwenye mchanga wa visiwa vya Wessel, kaskazini ya nchi yao. Akaziweka kwenye kopo. Mwaka 1979 akazipeleka zitambuliwe, na tano kati yake zikaonekana ni za Kilwa. Mpaka leo wataalamu wanajadiliana zilifikaje huko, na wanaweza kujadiliana kwa sababu yeye alikumbuka alipoziokota. Ile yangu, popote ilipo, haina la kusema. Yule mgeni hakuniuliza nimeiokota wapi, na mimi nilikuwa na haraka ya dau.

Kijana wangu nilimweleza yote haya jioni moja, pamoja na kisa cha Ronaldo, ambacho sikuwahi kumwambia mtu. Alicheka mpaka akashika tumbo. Kisha akaniambia uamuzi wake: laki tano unusu zimekwenda kwenye ada. Hamsini elfu amemtumia binamu amnunulie kadi moja tu ya mchezaji anayempenda, aliyoiona picha yake mbele na nyuma. Akanitazama kama anayengoja kukaripiwa. Nikamwambia kitu umekijua, bei umeijua, na pesa ni yako. Zile za Pokémon amewaachia wadogo zake, na wameshanifunga mara mbili hapa barazani.

Ila alipokuwa anavaa kandambili alinigeukia akauliza: "Na wewe ustadhi, zile elfu mbili za sarafu umeshazirudisha? Na utamrudishia nani?"

Toba ya haki za watu ina sharti la kurudisha, hilo namfundisha kila mwaka. Lakini sarafu sijui ilipo, mgeni simjui jina, na wenye mali ni watu wa Kilwa wote, waliopo na watakaozaliwa. Nimewaza kuitoa pesa sadaka, nimewaza kwenda ofisi ya mambo ya kale nikaeleze, na sina hakika kama lipi kati ya hayo linatosha. Kama yupo msomaji mwenye elimu zaidi katika mlango huu, namuomba aniandikie kupitia gazeti hili.